Mwaka Nilionuka Kitunguu Saumu

Mwezi uliopita nilipanda Lushoto kwenye khitma ya Mama Singano. Alifariki akiwa mzee ambaye alishaacha zamani kujibu akiulizwa umri, na nyumba yake ile ya juu ya soko ilijaa watu mpaka barabarani. Nilipofika uani, magoti yakinilalamikia kwa kile kilima, nilikuta wanawake wamezunguka masufuria ya pilau. Binti mmoja mwenye adabu zake akaniamkia, akanisogezea kigoda, kisha ungo wa vitunguu saumu na kisu. Kabla sijakipokea kile kisu, mabibi wawili waliokuwa wakichambua mchele wakaangua kicheko cha kutokwa na machozi. "Huyo usimpe, mwanangu," mmoja akasema. "Huyo alishawahi kunuka kitunguu saumu Ramadhani, na hajala hata punje." Binti alitutazama akidhani tumechanganyikiwa. Nikamsimulia pale pale huku namenya, nikaruka mambo mengi na kuchanganya mengine kwa sababu ya kucheka. Nimerudi nyumbani nikaona haifai. Mwaka ule ndio ulionifanya niwe mtu niliye, na unastahili kusimuliwa kwa utaratibu.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu Azimio la Arusha. Kila redio ilizungumzia kujitegemea, na serikali ilitaka kujua ardhi yetu ina nini tumboni. Kikosi cha upimaji wa madini kilikuwa kimepewa nyumba ya zamani ya Wajerumani pembezoni mwa mji, yenye kuta nene na baridi ya pango, na mimi niliajiriwa humo kuwa msaidizi wa maabara. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina nilichojua ila kusoma mizani na kuosha vyombo vya kioo bila kuvivunja. Nilikuwa msichana pekee. Mkubwa aliyenipokea hakunificha kitu: nimechukuliwa kwa majaribio ya mwaka mmoja, tena kwa sharti kwamba nipange katika nyumba ya mtu anayeheshimika, kwa maana ofisi haitaki maneno ya watu kuhusu mtoto wa kike. Nikikosa nyumba, nimekosa kazi. Nami kazi ile niliitaka kwa ukali ambao mpaka leo unanishangaza. Wenzangu niliosoma nao walitaka kuvaa vizuri na kukaa Tanga mjini. Mimi nilitaka kujua mawe yametengenezwa na nini.

Mtu aliyeheshimika kuliko wote mtaani alikuwa Mama Singano. Alikuwa mjane mrefu, mkavu wa mwili na wa maneno, aliyeuza mboga sokoni na kufunga Jumatatu na Alhamisi mwaka mzima. Akisema jambo, mtaa mzima umelisema. Alinipa chumba chenye kitanda cha kamba na dirisha la mbao lililotazama bustani za kabichi na karoti zinazoshuka bondeni ngazi kwa ngazi; asubuhi ukifungua, ukungu unaingia bila kupiga hodi. Kati ya chumba hicho na sebule palikuwa na ukuta wa mbao zilizokauka na kuachana, kwa hiyo kila lililosemwa sebuleni nililisikia, nitake nisitake. Nilisikia bei za viazi, nani kaposwa Mlalo, nani kaamriwa ahamie kijiji kipya na nani kagoma. Jioni alinipakulia bada, ugali wa muhogo, kwa mshunga, mboga chungu ya porini ambayo mwanzoni niliimeza kwa kufumba macho na baadaye nikaizoea kiasi kwamba nikiikosa naona sijala. Hakuwa mtu wa kukukumbatia. Lakini siku ya mvua alinisubiri mlangoni na kanga kavu mkononi, kisha akanifokea kwa kulowa.

Mjiolojia wetu alikuwa Ndugu Kamugisha, mtu wa Bukoba, Mkristo, kijana bado ila amekwisha kuanza kipara, aliyesomea nje na kurudi na tabia ya kuzungumza na mawe akidhani hakuna anayemsikia. Yeye ndiye aliyenifundisha kupuliza. Unachukua kipande cha mkaa, unachimba kishimo, unatia chembe ya jiwe iliyosagwa. Kisha unashika mrija mwembamba wa shaba, unauelekeza kwenye mwali wa taa ya spiriti na kuupuliza mwali ule juu ya chembe, huku pumzi ikitoka mashavuni bila kukatika na hewa ikiingia kwa pua. Siku za mwanzo kichwa kilinizunguka mpaka nikakaa chini. Lakini ukishaweza, jiwe linakusimulia habari zake: hili linaacha utando wa njano kwenye mkaa, lile linageuza mwali rangi, jingine linabaki kimya kama lilivyokuja. Nilipenda kazi ile. Nilitembea barabarani nikipuliza hewa tupu kufanya mazoezi, na watoto wakanifuata nyuma na mashavu yamejaa.

Ramadhani ilituingilia na mvua za vuli. Wiki hiyo hiyo lilifika lori kutoka upande wa Amani, ng'ambo ya bonde la Lwengera, na magunia ya jiwe jeupe la kwatzi lenye michirizi ya madini yanayong'aa njano hafifu. Kamugisha aliyatazama akaguna. Alidhani ni pairaiti, lile jiwe la njano linalopatikana kila mahali na kudanganya kila mtu, akaniambia niyapulize yote kwa zamu ili tumalize. Nikasaga, nikapuliza, na mvua ikipiga bati tulifunga madirisha. Jioni nilirudi kufuturu kwa uji wa pilipili manga, tende, na magimbi yaliyopikwa kwa nazi iliyopanda na basi kutoka Mombo. Nilikuwa na furaha. Kila alasiri ya mwezi ule wanawake wa mtaa walikusanyika sebuleni kwa Mama Singano kwa darasa, wakikaa mistari kwenye mikeka, na mimi nikitoka kazini mapema nilipewa nafasi mstari wa mbele kwa sababu nilisoma vizuri. Kwa msichana mgeni hiyo ilikuwa heshima kubwa.

Aliyeanza kunusa alikuwa Bi Tatu, jirani wa ukuta mmoja, mwanamke mwenye pua ya paka na ulimi usiopumzika. Nilimwona akigeuza uso nilipomsalimia. Kesho yake mwanamke aliyekaa kando yangu alijifunika mdomo kwa kanga, akasogea. Mimi sikusikia harufu yoyote. Mwenye nayo haisikii, hilo ndilo balaa lake. Siku ya tatu nilikuwa chumbani nimejilaza, na kupitia zile mbao nikamsikia Bi Tatu akisema, bila hata kupunguza sauti: "Mama Singano, mpangaji wako ni kobe." Kobe ndiye anayejifanya amefunga na huku anakula mchana kwa siri, kichwa ndani. "Ananuka kitunguu saumu mchana kweupe. Kule kazini kwao kuna mpishi Mkristo, Yohana, anawapikia mchuzi wanaume. Unafikiri huyu anakula wapi?" Mama Singano akajibu tu, "Nimesikia." Nililala pale nikitazama dari.

Hakunizungusha. Alinisubiri nimalize kufuturu, maana hakuwa mtu wa kumharibia mtu chakula, kisha akasema, "Zaituni, sogea." Nikasogea. "Nipumulie." Nikampumulia. Akarudisha kichwa nyuma kama mtu aliyepigwa kibao. "Umekula wapi?" Nikamwambia sijala. "Usiniongopee mwezi huu. Mimi naviuza hivyo vitunguu, nikisikia harufu yake nakwambia ni vya wapi." Nikaapa. Kuapa kwangu kulimkasirisha zaidi. Akasema nisikae tena mstari wa mbele, wala wa nyuma, wala nisije darasani kabisa, na Ijumaa nipande basi la Mombo nirudi kwetu. Nyumba yake haiwezi kulala na kobe. Nina hasira za karibu, nilizaliwa nazo. Mwingine angelia na kumshika miguu. Mimi nilisimama nikasema, "Mama, nimefunga, na Mungu ananiona," nikaingia chumbani na kubamiza mlango. Ndipo nikalia, kanga mdomoni, asinisikie.

Asubuhi niliwahi kazini macho yamevimba. Kamugisha akauliza kuna nini, nami nikamweleza kila kitu kwa hasira, nikisimama mbali naye, mkono mdomoni. Akakunja uso. "Aseniki," akasema, na nikaona ameingiwa na hofu, kwa sababu jiwe lenye aseniki likichomwa hutoa harufu ya kitunguu saumu, na aseniki ni sumu. Papo hapo akachukua chembe kutoka magunia yale, akaipuliza mwenyewe, akanusa moshi. Akanusa tena. Moshi haukunuka. Nilisimama pale nikijihesabia saa za kubaki Lushoto, na huku kichwa changu kinafanya kazi bila kuombwa. "Ndugu Kamugisha," nikasema, "jiwe halinuki. Mimi ndiye ninayenuka. Na nimeanza kunuka magunia haya yalipofika." Akanitazama, mrija bado mkononi. Siku nzima alikaa kwenye meza yake akigeuza kipande kile kwenye mwanga na kukikwaruza kwa kisu. Kikakwaruzika. Pairaiti haikubali kisu. Akazidi kupuliza, chembe baada ya chembe.

Kesho yake, Alhamisi, nilikuwa nikiosha vyombo nilipomsikia Yohana mpishi akiingia na sahani ya Ndugu Kamugisha. Akaweka sahani, akasita. "Samahani, bosi," akasema. "Umekula kwa nani jana? Unanuka kitunguu saumu, na mimi jikoni sina hata kimoja, vimeniishia tangu wiki iliyopita." Halafu nikasikia kiti kikianguka. Kamugisha alitoka mbio, akanipita, akarudi, akanishika mabega, akakumbuka adabu akaniachia. "Zaituni! Teluri!" Alikuwa akicheka. Akanieleza haraka haraka, maneno yakigongana, kwamba mwalimu wake alimsimulia juu ya watu waliofanya kazi na madini ya teluri mpaka wake zao wakawafukuza vitandani kwa harufu ya midomo. Jiwe lenyewe halina harufu, ni mwili wa mtu unaoitengeneza.

Lakini harufu ya midomo miwili si ushahidi wa kisayansi. Alishusha chupa ya asidi kali ya salfa, akatia kidogo katika kineli cha kioo, kijichupa chembamba cha majaribio, akaipasha moto taratibu karibu na dirisha lililofunguliwa, akaniambia nitie mimi unga wa jiwe. Nikatia. Kwa muda hakikutokea kitu. Kisha chini ya kioo ukaanza uzi mwekundu, ukapanda, ukajikunja, na asidi yote ikageuka nyekundu ya juisi ya choya, nzuri kuliko rangi yoyote niliyowahi kuiona katika maabara yoyote tangu siku ile, nami nimezeeka ndani ya maabara. Ilipopoa aliimimina polepole kwenye maji. Wekundu ukapotea, na vumbi jeusi likatulia chini. "Hiyo ndiyo teluri yenyewe," akasema kwa sauti ya chini. Nikamwuliza kama hilo vumbi linaweza kunizuia kupanda basi kesho. Akachukua koti lake, mrija na taa ya spiriti.

Mama Singano alitupokea jikoni baada ya kufuturu. Aliitika shikamoo ya Kamugisha kwa "Marahaba, baba," akamkaribisha chai, lakini alipokwisha kusikiliza akatikisa kichwa. "Wewe ni mkubwa wake, lazima umtetee. Na wewe mwenyewe unanuka. Labda mlikula sahani moja." Kamugisha hakukasirika. Alitoa kile kipande cha jiwe mfukoni, akamwekea kiganjani. Mama Singano akakipima uzito, akakisogeza kwenye mwanga wa moto. Ile michirizi ikametameta. "Jiwe linapataje harufu ya shambani kwangu?" akauliza. Alikuwa ameuliza kwa dhihaka, lakini alikuwa ameuliza.

"Mama, chini sana ya mlima kuna maji ya moto," Kamugisha akasema. "Moto wake si wa birika hili. Na kwa kuwa mlima mzima umeyakalia, hayapati nafasi ya kuchemka. Maji ya namna hiyo yanayeyusha vitu ambavyo ya kwetu hayawezi. Yanapita ndani ya miamba yakiokota dhahabu kidogo hapa, teluri kidogo pale. Teluri ni adimu kama dhahabu, pengine zaidi. Sasa mwamba ukipasuka, yanapanda kwenye ufa. Huko juu hakuna tena uzito wa kuyabana. Yanachemka ghafla, yanapoa, na yale yaliyobebwa yanashindwa kubaki ndani yake, yanaganda kwenye kuta za ufa."

Mama Singano akafunua birika, akachungulia ndani. "Kama ukoko huu mweupe."

"Hasa, mama. Dhahabu ina maringo, karibu kila mahali utaikuta peke yake. Ila ikikutana na teluri huungana nayo, na hapo ndipo linapozaliwa jiwe hili. Linaitwa kalaveriti."

"Dhahabu imo humu?"

"Imo, ila huioni. Ukilichoma, teluri inakwenda na moshi, dhahabu inabaki. Mtu akivuta chembe ya moshi ule, mwili wake unaigeuza hewa, inatoka kwa pumzi na kwa jasho, siku nyingi."

"Na huo moshi haukumfunguza saumu?" aliuliza, halafu, kabla Kamugisha hajafungua mdomo, akajijibu mwenyewe kwa kutazama mafiga yake: "Mimi nimevuta moshi wa kuni mchana wa Ramadhani tangu nilipoolewa. Kama hufunguza, sijawahi kufunga." Nilisimama kando ya mlango, nimeshika nguzo. Kisha akanyoosha mkono. "Nipe huo mrija. Mimi sihukumu kwa la kusimuliwa." Kamugisha akasema kidogo hakidhuru, kinanukisha tu, kisha akawasha taa ya spiriti. Mama Singano alikuwa amepuliza moto wa kuni maisha yake yote. Mwali wake ulinyooka mara ya kwanza kuliko wangu wa wiki ya nne. Chembe ikatetemeka kwenye mkaa, ukingo wa mwali ukawa na ukijani, duara jeupe likajichora pembeni, na moshi ukampata usoni akakohoa. Hakuacha. Chembe ikanywea, ikanywea, na ghafla pale kishimoni pakabaki tone dogo la njano, mviringo, safi, linang'aa kama jicho la kuku. Dhahabu, imetoka jikoni kwa Mama Singano. Aliitazama muda mrefu. Akasema neno kwa Kishambaa ambalo alilisema kwa Mungu na si kwetu, kisha akanigeukia na kusema uji wangu unapoa.

Watu huniuliza kama tulitajirika. Ule mshipa wa kwatzi ulikuwa mwembamba kama kidole, na walipoufuata ukaishia ndani ya mwamba. Hakuna aliyechimba, hakuna msitu uliokatwa, na mimi sioni hasara yoyote. Taifa lilipata kipande kimoja adimu cha kuonyesha. Mimi nilipata zaidi. Kamugisha aliandika jina langu kando ya lake, majaribio yangu yakakatishwa kabla ya mwaka kwisha, nikapelekwa kusoma, na tangu hapo nimewafundisha vijana wengi kupuliza, na mbele ya madirisha yaliyo wazi. Ila ningeulizwa siku gani nilishinda, nisingetaja cheti wala cheo. Ningetaja alasiri ya Ijumaa ile, siku niliyotakiwa kuwa ndani ya basi.

Nilikuwa chumbani, sijui kama nifungashe au nisubiri, maana Mama Singano hakuwa amesema lolote tangu usiku. Sebuleni wanawake waliingia kwa salamu, mikeka ikatandikwa. Nikasikia sauti yake: "Zaituni, toka." Nikatoka. Alikuwa ameketi mahali pake, mgongo umenyooka, kanga nyeupe kichwani, na nafasi ya kando yake ilikuwa tupu. Hakunitazama. "Tatu," akasema, "njoo unisalimie." Bi Tatu akasema wamekwisha kusalimiana. "Njoo tena. Karibu zaidi. Zaidi, siumi." Bi Tatu akainama, na Mama Singano akafungua kinywa akampumulia usoni, pumzi ndefu, ya mtu aliyekaa na mrija. Nilimwona Bi Tatu akiruka, mkono puani, macho yamemtoka. Mama Singano akamgeukia aliyefuata, akampumulia. Kisha mwingine. Alizunguka mstari mzima wa mbele hivyo hivyo bila haraka, mpaka chumba kikanuka soko zima la Lushoto, na hakuna aliyethubutu kukohoa.

"Haya," akasema alipomaliza. "Mnanijua. Niambieni mimi nimekula wapi."

Mvua ilikuwa ikidondoka kwenye bati. Bi Tatu alitazama mkeka, kisha akanitazama mimi, kisha, nampa haki yake, akasema kwa sauti iliyosikika, "Zaituni, mwanangu, nisamehe." Mama Singano akapiga mkeka kwa kiganja, pale penye nafasi tupu. Nikapita katikati ya wanawake wote, nikaketi bega kwa bega naye mstari wa mbele, wanukaji wawili, na safari hii hakuna aliyesogea.